Mapitio ya The Secret of Monkey Island, toleo maalumu la mwaka 2009

Anayetaka kuingia katika michezo ya zamani ya kompyuta, ile ya kubofya na kutegua mafumbo, na hajui aanzie wapi, ningemshauri aanze na The Secret of Monkey Island. Mchezo huu ulitolewa mwaka 1990 na kampuni ya Marekani ya Lucasfilm Games, chini ya uongozi wa Ron Gilbert, aliyeuandika pamoja na Tim Schafer na Dave Grossman. Toleo la mwaka 2009 limechorwa picha upya, likarekodiwa muziki upya na kutiwa sauti za waigizaji.

Kijana Guybrush Threepwood anafika kisiwani Mêlée akitamani kuwa haramia, na wakuu wa maharamia wanamtaka kwanza amshinde bingwa wa upanga, aibe sanamu katika jumba la gavana na afukue hazina. Ndipo raha ya kuchunguza inapoanza. Nyuma ya jikoni la baa, kwa mfano, yupo samaki anayelindwa na shakwe mkali, na hakuna anayemwambia mchezaji kwamba ubao mmoja wa gati umelegea, kwamba ukiukanyaga ndege hurushwa juu, na kwamba baada ya kumsumbua hivyo mara kadhaa utapata upenyo wa kumnyakua samaki.

Uhodari mkubwa wa Gilbert ni uungwana. Michezo mingi ya wakati huo, hasa ya kampuni ya Sierra, ilimuua mchezaji kwa kosa dogo, au ikamwacha aendelee saa nzima bila kujua kwamba kitu alichokisahau nyuma kimekwisha kumfungia njia. Hapa hofu hiyo haipo, kwa hiyo mtu hujaribu hata jambo la kipuuzi kwa moyo mkunjufu. Guybrush anaweza kufa tu akizubaa chini ya maji kwa zaidi ya dakika 10, muda ambao mwenyewe hujigamba kwamba anaweza kuzuia pumzi.

Kilele, kwa maoni yangu, ni mapambano ya upanga, ambayo hayahitaji wepesi wa vidole hata kidogo. Mshindi ni yule mwenye kejeli isiyojibika au jibu linalomnyamazisha mwenzake, na njia ya kujifunza ni kushindwa na maharamia wa barabarani ili kuyanasa maneno yao. Kisha bingwa Carla anakuja na kejeli mpya kabisa, na mchezaji hana budi kuyatumia majibu yale yale ya zamani mahali pasipotarajiwa. Sijaona fumbo lililosukwa vizuri kuliko hili. Linadai, hata hivyo, Kiingereza kizuri, kwa kuwa Kiswahili hakimo katika lugha za toleo hili.

Kitufe cha F10 hubadilisha picha mpya kuwa za zamani papo hapo, nami napendelea za zamani: usiku wa Mêlée una haiba zaidi, na vitenzi vyote, yaani maneno ya amri yanayobofywa kama “fungua” na “chukua”, viko wazi sehemu ya chini ya skrini, ilhali katika sura mpya vimefichwa mpaka uviite. Kasoro inayoniudhi kweli ni kwamba sauti za waigizaji hazisikiki katika sura ya zamani. Kitufe cha H hutoa vidokezo vinavyozidi kuwa wazi kadiri unavyoviomba. Ni vyema kukiacha mpaka uwe umezungumza na kila mtu kisiwani.