Kutoka inchi 32 hadi 55: uzoefu wangu na TV kubwa

Kwa wenye haraka: kuhama kutoka inchi 32 kwenda 55 kumelipa, na pesa ile ningeitoa tena. Ila kilicholipa ni ukubwa. Mengine yaliyojaa kwenye boksi, 4K, HDR (ya kuongeza nguvu ya mwanga na rangi) na orodha ndefu ya programu, yamenifaa kidogo kuliko wauzaji wanavyoyasifia. Mwenye TV nzima ya inchi 43 au 50, anayetaka kuibadilisha kwa sababu tu imepitwa na wakati, namshauri abaki nayo.

Hapa nyumbani Dar tulikuwa na flati ya inchi 32 iliyochukua nafasi ya chogo, ile TV ya zamani yenye mgongo mkubwa. Matangazo ya analojia yalipozimwa hapa mjini mwisho wa mwaka 2012, watu wengi walifunga ving'amuzi kwenye machogo yao, na aliyepata flati ya 32 alionekana amefika. Yetu haikuharibika, mpaka leo inawaka. Shida ilikuwa sebule. Kutoka kochi kubwa hadi ukutani ni kama mita tatu, na kwa umbali huo inchi 32 haitoshi. Kwenye mpira unajua nani ana mpira kwa sababu mtangazaji amemtaja. Matokeo na dakika kwenye kona unayakisia. Watoto wakasogea wakakaa chini kwenye zulia, karibu kabisa na kioo, nasi wakubwa tukaangalia juu ya vichwa vyao.

Kabla ya kununua nilichukua selotepu na futi nikachora ukutani. Inchi za TV hupimwa kona kwa kona, kwa hiyo namba peke yake inadanganya jicho. Inchi 32 ina upana wa sentimita 71 hivi na kimo cha 40. Inchi 43 ni 95 kwa 54. Inchi 55 ni 122 kwa 68. Ukipiga hesabu ya eneo, 55 ni karibu mara tatu ya 32, ingawa ukisikia namba zenyewe unadhani haijafika hata mara mbili. Mchoro ule wa selotepu ndio ulionitoa kwenye 43, niliyokuwa nimeishaipangia bajeti, ukanionyesha pia kwamba 65 ingegusa fremu ya dirisha. Anayesita afanye hivyo, aache selotepu ukutani siku kadhaa, aangalie akiwa amekaa pale anapokaa kila siku.

Sasa hiyo 4K. Kioo cha 4K kina nukta 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni 8, mara nne ya Full HD. Ni kweli, na ukisogea ukasimama mita moja kutoka kwenye kioo utaiona tofauti. Lakini jicho la mtu mwenye uoni wa kawaida lina kikomo. Kwenye kioo cha inchi 55, ukishapita mita mbili na kidogo, nukta za Full HD zenyewe zimeshakuwa ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuzitenganisha. Mimi nakaa mita tatu. Nimejaribu mara nyingi, video ileile ya YouTube, kwanza 1080p, ndiyo Full HD, kisha 2160p, ndiyo 4K, nikiwa kwenye kochi: sikuona tofauti, na mke wangu hakuiona. Siku hizi TV nyingi za inchi 55 madukani ni 4K hata hivyo, kwa hiyo utaipata tu. Usiongeze pesa kwa ajili yake.

Kinachoamua picha ni kile unacholisha kioo, na hapa ndipo watu wengi wanaporudi nyumbani wakakata tamaa siku ya kwanza. Chaneli ya kawaida isiyo ya HD ina nukta kama laki nne. Ukizitandaza kwenye kioo cha nukta milioni nane, kila nukta inavutwa mara ishirini, na sura za watu zinakuwa na ukungu. Kwenye 32 ukungu huo ulikuwepo, ila ulikuwa mdogo usiuone. Kwangu dawa ilikuwa waya. King'amuzi chetu kilikuwa kimeungwa kwa ule waya wa rangi tatu, njano, nyekundu na nyeupe, toka enzi za chogo, na waya huo hauwezi kupitisha HD hata king'amuzi kikiwa cha HD na malipo ya kifurushi ukiwa umelipa. Niliweka waya wa HDMI, unaopitisha HD, nikaingia kwenye mipangilio ya king'amuzi nikachagua 1080i, ambayo ni HD. Chaneli za HD zikabadilika palepale, nyasi za uwanja zikawa nyasi. Ukiwa na TV yoyote ya flati na bado unatumia waya wa rangi tatu, badilisha huo kwanza kabla hujatoa hela ya TV mpya. Huenda shida yako ikaishia hapo.

Jambo la pili nililofanya siku ileile ni kuondoa picha ya dukani. TV nyingi hutoka zikiwa kwenye mpangilio wa rangi kali, ili zing'ae chini ya taa za duka. Nyumbani usiku rangi hizo zinachosha macho na ngozi za watu zinakuwa nyekundu. Niliweka mpangilio wa filamu, nikapunguza mwanga hadi kama asilimia 60, nikazima kile kinacholainisha mwendo wa picha, maana kwenye mpira kilikuwa kinauachia mpira mkia. Na kama picha ya chaneli za zamani inawafanya watu waonekane wanene, ni TV inavuta picha ya mraba ijaze kioo. Kwenye rimoti kuna kitufe cha umbo la picha, rudisha 4:3, ukubali pembeni kuwe kweusi.

Faida kubwa kuliko zote nimeiona kwa mama yangu, anayeishi nasi. Macho yake yamepungua nguvu, na kwa muda mrefu habari za saa mbili usiku alikuwa anazisikiliza tu. Yale maandishi yanayopita chini ya kioo, majina ya wanaohojiwa, orodha za bei za mazao, yote alikuwa anamuuliza mjukuu wake amsomee. Sasa anakaa kwenye kiti chake kilekile na anasoma mwenyewe. Wiki ya kwanza alikuwa anasoma kwa sauti, kila mstari, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Kwangu hilo peke yake linatosha bei ya TV. Nalisema kwa uzito kwa sababu kila ninapoona watu wanajadili TV kubwa, mazungumzo ni mpira na muvi tu. Kama nyumbani kuna mzee, mpime yeye kwanza: mkalishe anapokaa, muulize anasoma nini kwenye kioo mlichonacho.

Mpira, ndiyo, umebadilika. Agosti 2025, mechi ya ufunguzi wa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Taifa Stars na Burkina Faso kwa Mkapa, sebule ilijaa majirani. Stars walishinda 2-0, na lile goli la pili, la kichwa la Mohamed Hussein, tuliliona jinsi mabeki walivyomwacha kabla mpira haujafika. Kwenye kioo kidogo unaona goli. Kwenye kikubwa unaona kwa nini limeingia. Lakini usiku huo huo waliokaa kochi la pembeni walilalamika rangi zimepauka. Hili muuzaji hatakuambia. Vioo vya TV za LED viko vya aina mbili kuu. Vya VA vina weusi mzuri ukikaa mbele, ila ukiangalia kwa ubavu rangi zinafifia. Vya IPS vinaonekana vizuri kutoka pembeni, ila weusi wake una kijivu. Sebule zetu nyingi zina makochi pande tatu, kwa hiyo ukiwa dukani usisimame mbele ya TV peke yake. Nenda ubavuni kabisa, angalia kutoka huko.

Sauti ndipo nilipolazimika kuongeza hela ambayo haikuwa kwenye bajeti. TV mpya ni nyembamba, spika zake ndogo zimeelekezwa chini, na sauti inatoka kama imefunikwa. Tulikuwa na sabufa nzuri tu ya miaka mingi, inayotumia waya mwekundu na mweupe. TV mpya haina tundu la kutolea sauti la aina hiyo, ina HDMI ARC, yaani tundu la HDMI linalotoa sauti, na tundu la mwanga, lile la optiko. Nilinunua kiboksi kidogo cha kubadilisha optiko kuwa nyekundu na nyeupe, bei yake haifiki elfu thelathini. Nikakiunga, kimya. Kumbe kwenye mipangilio ya sauti TV inatoa Dolby, sauti iliyofungwa kwa mfumo wake, na viboksi hivi vya bei nafuu havielewi Dolby. Ingia kwenye mipangilio, toleo la sauti la kidijitali, chagua PCM, sauti ya kawaida isiyofungwa. Sabufa iliunguruma mpaka madirisha yakatetemeka. Naandika hili kwa kirefu kwa sababu fundi aliyekuja kabla sijagundua alisema sabufa imekufa ninunue nyingine.

Umeme. Kibandiko cha nyuma cha TV ya zamani kinasema wati 45, hii mpya wati 110. Ikiwashwa saa sita kwa siku, nyongeza ni kama uniti 12 kwa mwezi. Kwa nyumba nyingi si pesa ya kutisha, ila angalia uko kundi gani la LUKU. Kwa mtumiaji mdogo uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, na kila uniti inayozidi hapo ni 350. Nyumba iliyokuwa ikiishia uniti 68 au 70, TV hii inaweza kuivusha mstari. Kupunguza mwanga wa kioo kunasaidia, maana taa za nyuma ya kioo ndizo zinazokula umeme mwingi. Na weka kilinda TV kwenye soketi. Umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, kinachoungua kwanza ni pawa saplai.

Nilinunua Kariakoo, milioni moja na laki mbili. Nilikwenda na flashi yenye video ya mpira na picha nyeupe tupu na nyeusi tupu. Kwenye nyeupe unatafuta nukta zilizokufa, kwenye nyeusi unatafuta kona zinazovuja mwanga. Kulinganisha namba ya modeli ya boksi, ya kibandiko cha nyuma na ya ndani ya mipangilio ni lazima, zote tatu zifanane. Kama duka lina intaneti, fungua video ya 4K YouTube uone orodha ya ubora. Ikiishia 1080p, ishuku TV hiyo kwamba si 4K hata boksi liseme nini. Chukua risiti ya EFD na waranti iliyogongwa muhuri, na uulize waziwazi kama waranti inahusu kioo. Kioo kikipasuka, bei ya kingine inakaribia ya TV mpya. Ndiyo maana wenye watoto wadogo hupenda TV za dabo glasi. Mimi sikuchukua, dirisha letu linatazamana na TV na kioo cha ziada kinarudisha mwanga mno mchana. Usafiri ni kirikuu, TV ikiwa imesimama, mtu ameishika. Usikubali ilazwe.

Kuhusu intaneti ndani ya TV, inafaa kama una Wi-Fi ya nyumbani isiyohesabu GB. Netflix wenyewe wanakadiria GB 3 kwa saa kwa HD na hadi 7 kwa 4K. Kwa bando la simu, filamu moja ya 4K inamaliza kila kitu, kwa hiyo shusha ubora hadi 720p. Na kama kinachokusukuma kubadilisha TV ni kwamba ya sasa imekuwa nzito kufungua YouTube, nunua kijiti cha kuchomeka kwenye HDMI, chenye YouTube na programu zake chenyewe. Ile 32 yetu iko chumbani kwa watoto na kijiti chake, inafungua programu haraka kama hii mpya.

Fundi wa kuning'iniza alitaka kuiweka juu karibu na dari, kama zinavyowekwa kwenye hoteli na vibanda umiza. Mwambie ashushe. Katikati ya kioo pawe usawa wa macho ya mtu aliyekaa, kama mita moja na kidogo kutoka sakafuni, la sivyo shingo itauma kabla ya mapumziko. Na mwenye sebule ya mita tatu na nusu kwenda mbele, kama ukuta wake hauna dirisha la kumzuia, aangalie 65 kwanza. Eneo lake linazidi la 55 kwa asilimia 40.