Saspensheni ya pikapu kuukuu: kagua mpira kabla ya chuma

Malalamiko ya wasomaji wenye pikapu za zamani yanafanana mno. Gari linagonga mbele, linayumba kwenye mashimo, matairi yanalika upande mmoja. Mwenye gari anaambiwa shokapu zimekufa, ananunua nne kwa mpigo, zinafungwa, na mlio unabaki palepale. Akirudi kulalamika anajibiwa kwamba shokapu mpya bado hazijalizoea gari. Jibu hilo linaniudhi kila ninapolisoma. Shokapu nzima inazuia mtikisiko tangu siku inayofungwa. Kama gari bado linagonga vilevile, basi ugonjwa uko kwingine na hela imekwenda pasipostahili.

Mara nyingi ugonjwa uko kwenye mpira. Sizungumzii matairi. Nazungumzia vipande vidogo ambavyo wauzaji hawavitaji: bushi (vipande vya mpira vinavyokaa kwenye maungio) zilizoshindiliwa ndani ya wishboni, yaani mkono wa chuma unaoshika gurudumu la mbele, bushi za springi za nyuma, na kava dogo linalofunika boljointi, kiungo cha tufe kinachounganisha wishboni na gurudumu. Chuma cha saspensheni ya pikapu kinaweza kudumu miaka na miaka. Mpira unazeeka hata gari likiwa limeegeshwa, kwa sababu joto na ozoni iliyomo hewani vinaukausha na kuupasua, na oili inayovuja kutoka kwenye injini au pampu ya steringi inauvimbisha na kuulegeza. Kwa hiyo humu sipangi spea kwa rangi ya shokapu, wala kwa ubishi wa gesi na oili, wala kwa urefu wa gari kutoka ardhini. Nazipanga kwa ubora wa mpira wake.

Naanza na boljointi kwa kuwa ndiyo inayoua. Boljointi ya chini ikichomoka, gurudumu linalala chini ya bodi gari likiwa mwendoni, na usukani hauna tena la kufanya. Ndani yake kuna tufe la chuma lililokaa kwenye kikombe, grisi katikati, na kava la mpira kwa nje. Kava likichanika, grisi inatoka, vumbi na maji vinaingia, na uji unaobaki unasaga tufe kama msasa. Mwaka 2005 Toyota iliita kwa marekebisho pikapu za Tacoma za 2001 hadi 2004 zilizouzwa Marekani, kwa sababu ya boljointi za chini za mbele. Kasoro yenyewe ilikuwa mikwaruzo juu ya tufe, iliyotokea wakati wa kutengenezwa. Mikwaruzo tu, kabla hata punje ya mchanga haijaingia. Ukijua hilo hutalipuuza tena kava lililopasuka.

Kabla ya kununua, hakikisha kwanza kipi kimekufa. Kwenye pikapu ambazo springi ya mbele imekalia wishboni ya chini, jeki iwekwe chini ya wishboni hiyohiyo, karibu na gurudumu, ndipo boljointi ya chini ipunguziwe mzigo na ulegevu uonekane. Ukiinua gari kwa chesisi tu, springi inaendelea kuisukuma na boljointi iliyochoka itajionyesha nzima. Kwa zile zenye toshenibaa, yaani fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi, iliyoshika wishboni ya juu, hesabu inageuka: mzigo uko juu, na jeki inakaa chini ya chesisi. Fundi anayeweka jeki mahali pamoja kwa kila gari anabahatisha, na wewe ndiye unayelipia bahati hiyo.

Sasa dukani. Fungua boksi. Shika kava kwa vidole viwili na ulibinye: mpira mzuri unarudi haraka na hauachi mikunjo myeupe. Inamisha pini ya boljointi hadi mwisho wa upande mmoja, kisha tazama upande wa pili, pale mdomo wa kava unapobana pini. Hapo ndipo kasoro ninayoisema inapojitokeza. Kava fupi au lenye mdomo mlegevu litaachia upenyo mwembamba kila pini inapoinama, na pini huinama kila unapokata kona na kila gurudumu linaposhuka shimoni. Boljointi ya namna hiyo inakunywa maji tangu wiki ya kwanza ingawa kava halina tundu hata moja. Tazama pia waya au ringi inayolifunga kava kwenye mwili wa chuma. Ikizunguka kwa kidole, iache. Halafu sukuma pini yenyewe kwa mkono. Iwe nzito na laini mwendo wote. Ikicheza ovyo, au ikikwama katikati, rudisha.

Chaguo langu la kwanza kwa boljointi na tairodi (fimbo zinazopeleka usukani kwenye magurudumu) za pikapu za Kijapani ni 555, za kampuni ya Sankei ya Japani. Nasema wazi kwamba ninaipendelea. Kava zake zina mdomo unaobana pini hata ikiinama hadi mwisho, mpira ni mnene pale unapojikunja, na pini inatoka boksini ikiwa na uzito uleule kwa kila moja unayoishika. Siyo chapa yenye matangazo mengi, na kuna wauzaji wanaoiweka nyuma ya kaunta huku mbele wakipanga maboksi ya kung'aa. Ubaya wake ni kwamba inaigwa sana. Feki huwezi kuijua kwa boksi, maana boksi ndilo rahisi kuiga. Utaijua kwa kava, kwa uzi wa nati kwenye pini uliokatwa bila makali ya kuchoma, na kwa kuilinganisha na ya zamani uliyoitoa.

Ya pili ni spea ya kampuni iliyotengeneza gari. Kwa ubora haina shida. Naiweka ya pili kwa sababu kwenye baadhi ya modeli boljointi haiuzwi peke yake, unauziwa wishboni nzima pamoja na chuma ambacho chako hakina tatizo.

Ya tatu naweka CTR ya Korea na Moog ya Marekani. Moog nyingi zina nipeli, yaani tundu la kuingizia grisi kwa pampu, jambo zuri kwa gari linalopita vumbini kila siku, ila nipeli inataka adabu. Pampu ikikazwa mpaka kava livimbe kama linataka kupasuka, mdomo unafunguka, na umejiharibia mwenyewe ulichokinunua. Simamisha kava likianza tu kujaa. Zisizo na chapa siziweki kwenye orodha; kwa boljointi ya chini, hapana.

Hata ukinunua iliyo bora kabisa, muulize fundi atatumia kifaa gani kuzitoa zile utakazozibakiza. Uma wa kupigwa nyundo unachana kava la boljointi au tairodi ambayo ilikuwa bado nzima. Kama jointi inarudi kazini, itolewe kwa kivutio cha skrubu. Kivutio hicho ni kifaa kidogo tu, lakini gereji nyingi bado zinapiga nyundo.

Bushi. Hapa ndipo wasomaji wengi wanapopotezwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bushi nyingi za wishboni zina bomba la chuma ndani, bomba lingine nje, na mpira uliogandishwa kwenye yote mawili. Bolti inapokazwa, bomba la ndani linashikwa na halizunguki. Wishboni inapopanda na kushuka, mpira wenyewe ndio unaojisokota na kujisokotoa. Maana yake ni hii: bolti ikikazwa gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, mpira unafungwa ukiwa katika hali hiyo, na gari likishushwa unasokoteka na kubaki hivyo usiku na mchana. Utachanika upesi hata ukiwa bushi bora duniani. Bolti za wishboni zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limekaa kwa uzito wake, magurudumu chini. Namna ya kujiandaa ni kupima kabla ya kazi kuanza, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kisha kuhakikisha kipimo hicho kinarudi kabla ya kukaza. Bushi nyingi zinazolaumiwa kuwa feki zilikufa kwa kosa hili.

Kwa wishboni, namba moja kwangu ni bushi ya mpira ya kampuni ya gari, na hapa siyumbi. Mpira wake umechaguliwa kwa ugumu unaolingana na gari hilo. Namba mbili ni poliyurithani, plastiki ngumu inayonyumbuka, na kati ya hizo ninaziamini SuperPro na Nolathane, zote za Australia. Hizi hazigandishwi kwenye chuma. Zinazunguka juu ya bomba, kwa hiyo zinahitaji grisi yake maalumu, ile ya silikoni isiyo ya mafuta ya petroli. Zikikauka zinalia. Zinastahimili oili kuliko mpira na zinachelewa kuchoka, ila zinapeleka mtetemo zaidi kwenye bodi. Kwa springi za nyuma za pikapu inayobeba mzigo kila siku, poliyurithani naiweka mbele ya mpira bila kusita. Kwa wishboni za mbele za gari linalobeba familia, mpira.

Na tafadhali, mtu asikupakie oili ya injini au grisi ya kawaida kwenye bushi ya mpira ili mlio ukome. Mlio utakoma, na mpira utavimba na kuoza.

Shokapu nitazipita haraka. KYB ya Japani ndiyo ninayoichukua kwa pikapu ya kawaida ya kazi. Modeli yake ya Excel-G ina mirija miwili na naitrojeni yenye shinikizo dogo, ambayo inazuia oili isitoe povu gari likipita njia mbaya kwa muda mrefu. Bilstein ya Ujerumani, yenye mrija mmoja, ni bora zaidi kwa joto, ila mrija huo ukipigwa jiwe ukabonyea, pistoni inakwama. Monroe inafuata. Angalia bushi za kwenye masikio ya juu na ya chini, maana shokapu nzuri yenye bushi iliyolegea inagonga vilevile. Nunua mbili za ekseli moja pamoja. Na jua kwamba shokapu haibebi mzigo. Kama nyuma imeinama, hiyo ni kazi ya springi, na muuzaji anayekupa "shokapu ngumu" kwa tatizo hilo anakuuzia kitu kisichokuhusu.

Springi za nyuma, zile za majani ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, zikilala zinaweza kukunjwa upya kwa fundi anayejua, lakini chuma kilichochoka kinarudi kulala. Nunua mpya kama jani kuu lina ufa au kama tundu la bolti ya katikati limepanuka. Bolti hiyo ndiyo inayoiweka ekseli mahali pake; ikikatika, ekseli inasogea na gari linakwenda kiupande. Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, zinunuliwe mpya, kwa sababu za zamani zimekwisha kuvutika na hazibani tena ipasavyo.

Nina neno na wauzaji. Bushi ndogo ya mpira ndiyo inayokufa, lakini mteja anaoneshwa wishboni nzima, eti "bushi pekee hazipatikani". Wakati mwingine ni kweli, na lawama ni ya viwanda. Mara nyingi zinapatikana, ila faida yake ni ndogo na kuzishindilia kunahitaji presi. Mteja ananunua wishboni ya bei nafuu iliyokwisha fungwa bushi na boljointi, anafurahia kwamba kila kitu ni kipya, na ndani yake kuna mpira mbaya kuliko ule uliotolewa. Wishboni ya kiwandani iliyokuwa imara inatupwa kwenye chuma chakavu. Jambo hilo linanikera kuliko bei yoyote.

Linanikera pia neno "orijino". Limeshabandikwa kwenye kila kitu hadi halimwambii mnunuzi lolote. Uliza badala yake: nani kaitengeneza, namba yake ni ipi, naweza kufungua boksi hapahapa, na ikichezacheza ndani ya mwezi utaipokea? Muuzaji anayekataa usifungue boksi ameshakujibu maswali yote. Na usikubali bushi au kava lililokaa dirishani juani mwaka mzima, hata kama chapa ni ninayoisifu humu. Likunje kwa kidole gumba, na ukiona nyufa ndogo kwenye mkunjo, lirudishe kwenye kaunta.

Kama fedha haitoshi kwa vyote, mpangilio wangu ni huu: boljointi za chini kwanza, tairodi pili, bushi za wishboni tatu, bushi za springi na yubolti nne, shokapu mwisho. Kazi ya mbele ikiisha, gari liende kupimwa alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, kabla hujazoea kuliendesha likiwa limepinda, na yubolti zikazwe tena baada ya kubeba mzigo mara chache, kwa spana ya kipimo.