Simu inakata palepale, kona ya Msimbazi

Laini hii nimeitumia miaka na miaka sijawahi kuisema vibaya. Leo naisema.

Nauza vitenge Kariakoo, duka la chini kwenye jengo lililobanwa na maghorofa. Zamani hata kutuma pesa ilibidi nipande ngazi kutafuta mtandao. Halafu wakafunga mnara mdogo kwenye nguzo ya mtaani kwetu, na haki yao nawapa: dukani sauti ikawa safi kabisa. Nilifurahi mpaka nikawashawishi majirani wahamie.

Juzijuzi naongea na mteja wa Lubumbashi, mzigo mkubwa, tumefika kwenye bei. Nikapanda bajaji kuwahi stoo huku tunaendelea. Tunakata kona kuingia Msimbazi, simu ikakatika. Siku nyingine kona ileile, ikakatika. Mara ya tatu mzee wa watu akaamini namkatia makusudi kila akitaja bei yake. Kanunua kwa mwingine.

Nikapiga huduma kwa wateja. "Dada, zima simu halafu uiwashe." Nimezima, nimewasha. "Basi labda simu yako ndiyo mbovu, dada. Kwenye mfumo wetu eneo lako lina mtandao wa kutosha." Akaaga sijamaliza hata kueleza. Hapo ndipo niliumia kuliko kukosa mzigo. Nani kamwambia sina mtandao? Huku nina mnara mdogo, kule barabarani kuna mkubwa. Simu inafia katikati, wakati wa kuhama!

Mpwa wangu ni fundi wa minara, ndiye aliyenifumbua macho. Simu inapima minara ya jirani muda wote na kupeleka taarifa, ila amri ya kuhama inatoka kwenye mtandao. Nao haukurupuki: unasubiri jirani awe na nguvu zaidi kwa kiasi walichopanga, tuseme desibeli 3, yaani mara 2 hivi, tena abaki hivyo kwa sehemu ya sekunde, ili simu isiwe inarukaruka huku na huku. Kwa minara mikubwa ni sawa, mawimbi yanapungua taratibu. Mnara mdogo una nguvu kidogo. Ukipinda nyuma ya ghorofa mawimbi yake yanapotea ndani ya hatua chache. Amri inapotoka, simu haisikii tena. "Shangazi, jaribu kwa miguu," akaniambia. Nikajaribu: haikukatika! Kwa bajaji, ikakatika. Sasa hiyo simu mbovu inajuaje kama natembea au nimepanda?

Na dawa ipo. Kona kama ile wanaweza kupunguza muda wa kusubiri, simu ihame mapema. Mitambo ya 4G ina hata programu za kubaini simu zilizokatika kwa kuchelewa kuhama na kurekebisha zenyewe, zikiwashwa. Kwa hiyo wasiniambie mfumo hauonyeshi kitu.

Nilisema nihame kampuni. Nimenunua hadi laini nyingine, iko kwenye droo, kwa sababu nikiiweka nikiwa dukani narudi kwenye ngazi zilezile. Siku hizi nikiwa na simu ya maana nashuka kwenye bajaji kabla ya kona, naimaliza kwa miguu.

Nilikuwa nimeweka nyota 3 kwa ajili ya pale dukani. Nimempigia tena yule mzee asubuhi hii, hapokei. Naweka 1.