Simu za kuslaidi zenye kibodi: kabla hujalipa, angalia namba zimekaa wapi

Betri, kamera na RAM mtaniuliza baadaye. Kwa simu ya kuslaidi, ile unayosukuma kioo kibodi ya vitufe ikatokea, swali la kwanza ni hili: namba zina safu yake peke yake juu ya herufi, au zimebanwa kwenye vitufe vya herufi na kuzitoa mpaka ubonyeze Alt, kile kitufe cha kugeuza herufi kuwa namba au alama? Kama muuzaji hajui jibu, mwambie aifungue uangalie mwenyewe. Kama hataki kuifungua, nitamrudia huko mwisho.

Tangu niseme kwamba hesabu za kikoba chetu naziandika kwa kibodi ya vitufe, maswali hayajakoma. Malalamiko nayo yamefuata, karibu yote ya aina moja. Dada kanunua simu ya kibodi, kaipenda, kawaringia wenzake, na kabla wiki haijaisha kairudisha kwenye boksi na kushika tena simu yake ya tachi. Ukimuuliza sababu anasema vidole vinachoka. Vidole havina tatizo. Kinachomchosha ni Alt.

Ninyi wenyewe tazameni tunaandika nini kutwa. Mwenye kazi yake ya barua pepe ataandika maneno matupu, na simu yoyote yenye herufi itamtosha. Sisi tunaandika namba. Hisa, marejesho, faini ya kuchelewa, namba ya mtu wa bodaboda, *150*00#, tokeni ya umeme wa LUKU yenye tarakimu 20 ya kumtumia mpangaji. Mweka hazina wa kikoba siku ya kikao anaandika mistari ya namna hii mmoja baada ya mwingine, watu wamemkodolea macho: "Mama Neema hisa 4, rejesho 35,500."

Chukua kibodi ya BlackBerry tuandike hiyo 35,500. Tatu iko kwenye R, kwa hiyo Alt kisha R. Tano iko kwenye D, Alt kisha D. Koma iko kwenye N, Alt tena. Tano nyingine, Alt tena. Alt ikikataa kushika, na siku una haraka itakataa, Mama Neema anakuwa ameleta rejesho la "rdnd" kabla hujafika hata kwenye sifuri. Grupu zima linacheka, wewe unafuta. Kwenye kibodi yenye safu ya namba unabonyeza 3, unabonyeza 5, unaendelea na maisha yako.

Kinachoniudhi ni kwamba jambo hili lilishapatiwa ufumbuzi tangu mwanzo. Simu ya kwanza kabisa ya Android, HTC Dream ya mwaka 2008 ambayo Marekani iliuzwa kwa jina la T-Mobile G1, ilikuwa ya kuslaidi na ilikuwa na safu tano, namba zikiwa juu kama kwenye kompyuta. Baadaye wakaanza kubana. Motorola Milestone ya 2009, safu nne. HTC Desire Z ya 2010, nne. Nokia N900, ambayo mafundi wa kompyuta waliisifu mpaka basi, safu tatu! Sababu inaeleweka: kibodi inajificha chini ya kioo, haiwezi kuzidi upana wa simu, kwa hiyo kila safu unayoongeza inapunguza kimo cha vitufe vingine. Wakati ule simu zilikuwa nyembamba. Motorola hata hivyo waliirudisha safu ya tano kwenye Droid 4 mwaka 2012 na vitufe vikabaki vizuri. Leo simu za kawaida ni pana kama kitabu cha risiti, nafasi ipo tele, na bado kuna mtu anakaa ofisini na kuchora kibodi ya safu nne.

Simu zote nilizozitaja hapo juu msizinunue kwa matumizi. WhatsApp inataka Android 5 kwenda juu, na Droid 4 iliishia 4.1. Ukiikuta kwenye meza ya used ichukue kwa mapenzi tu, kwa bei ya mapenzi, na ujue unanunua pambo. Hapo ndipo orodha ya simu za kuslaidi inapokatika vibaya: zinazoweza kubeba WhatsApp leo ni chache mno.

Ya kwanza kwangu, na sifichi upendeleo, ni F(x)tec Pro1.

Kampuni ni ndogo, ya London, na simu ilitoka 2019. Ukiisukuma, kioo kinateleza kwa ubavu na kuinuka kidogo kwa mteremko, unabaki na kitu kinachofanana na laptopu ya mdoli. Safu tano. Namba juu, peke yake, hazigombani na mtu. Vitufe vimepishana kama vya kompyuta, si kupangwa wima kama vya kikokotoo, kwa hiyo dole gumba linapata njia lenyewe baada ya muda. Kioo cha AMOLED cha inchi 5.99, RAM ya GB 6, nafasi ya GB 128, tundu la hedifoni lipo, laini mbili zinaingia ingawa kadi ya memori inagombea nafasi na laini ya pili. Ubavuni kuna kitufe cha kamera, kile cha kubonyeza nusu ili ifokasi. Nani anakumbuka vitufe vile?

Kasoro zake nazijua. Betri ni mAh 3200, kwa mtu wa WhatsApp kutwa ni ndogo, tembea na pawabenki. Kioo kimepindishwa kingoni, unashika simu na kiganja kinafungua kitu ambacho hukukitaka. Ilitoka na Android 9. LineageOS, mfumo huru uliotokana na Android, inaikubali na fundi anayejua atakuwekea mfumo mpya zaidi, ila kumbuka programu za benki hupenda kugoma kwenye simu iliyobadilishwa mfumo, kwa hiyo ijaribu ya benki yako kabla hujaitegemea. Pamoja na hayo yote bado ndiyo chaguo langu.

Ina mdogo wake, Pro1-X. Kibodi ni ileile, kwa hiyo namba zipo. Ila ilipokuwa inatengenezwa wakaondoa chipu ya Snapdragon 835 na kuweka 662, ambayo ni ya daraja la kati, na waliolipia mapema walisubiri mpaka 2022. RAM na nafasi wameongeza. Ukiikuta kwa bei chini ya Pro1 chukua, ukiikuta kwa bei ya juu usimsikilize anayekwambia "hii ndiyo mpya."

Ya pili ni Astro Slide 5G ya Planet Computers, nao ni wa London, watu walewale wa simu za kibodi za Gemini na Cosmo. Kama kuandika ndiyo kazi yako, tena kuandika kirefu, kibodi hii ni bora kuliko ya Pro1. Namba zipo juu, vitufe vina kina, unaweza kuiweka mezani na kuandika kwa mikono miwili. Betri mAh 4000, 5G ipo. Kwa nini basi si ya kwanza? Uzito. Inazidi gramu 300 na unene unakaribia sentimita 2. Kwenye mkoba sawa, kwenye mfuko wa dera itakuvua nguo. Na kuipata ni shughuli, maana hii nayo iliuzwa kwa watu kuchangia kwanza na kupokea baadaye.

Ya tatu, kwa shingo upande, BlackBerry Priv. Hii ndiyo ambayo wengi mnaniulizia, kwa sababu ndiyo nzuri kuitazama. Ilitoka Novemba 2015, BlackBerry ya kwanza ya Android, na inaslaidi kwa wima: unasukuma kioo juu, kibodi inatokea chini kwenye kidevu. Kioo cha inchi 5.4 chenye kingo za kumwagika. Ukipapasa juu ya vitufe bila kubonyeza, ukurasa unapanda na kushuka, jambo tamu ambalo simu nyingi hazina. Lakini namba zimo ndani ya herufi, R na D na wenzao, na Mama Neema tumeshamwona. Mfumo wake uliishia Android 6, kwa hiyo WhatsApp bado inaingia ila programu nyingi zinaikataa. Kwa bei ya kutupwa, kwa mtu wa kuchati tu, sawa.

Zisizoslaidi nazitaja kwa sababu ndizo mtakazoonyeshwa dukani. BlackBerry Key2 ya 2018 ni imara, namba ziko kwenye Alt. Unihertz Titan 2 ya 2025 ni mpya kweli, ina 5G na betri kubwa ya mAh 5050, namba ziko kwenye Alt. Titan Pocket ni rahisi na ina kioo cha inchi 3.1. Hivi inchi 3.1 unasomea nini? Kibodi za blutuu za kukunja zipo, weka mezani, endelea.

Sasa nikiulizwa na mtengenezaji ningetaka nini, ningeanza na safu ya namba, halafu ningeomba nyota na reli zifikiwe kwa kitufe kimoja bila Shift, kwa sababu huku kila huduma inaanza na nyota na kuisha na reli. Kisha ile alama ya ng'ombe na ng'ambo. Kwenye Priv iko Alt na K. Mimi naitaka kando ya L, wazi, isiyohitaji ruhusa ya mtu. Kibodi ya vitufe ina heri moja kubwa kwa Kiswahili: haijifanyi inajua unachotaka kusema. Ile ya tachi niliandika "kama" ikaweka "Karma", kwenye ujumbe wa rambirambi. Kwa hiyo kitufe chochote kinachonirudisha kwenye kioo kutafuta alama kinaniharibia starehe yote. Mwanga chini ya vitufe nao uwepo, umeme ukikatika kikao hakiahirishwi.

Na fleksi. Ule mkanda mwembamba unaounganisha kioo na sehemu ya chini hukunjwa na kukunjuliwa kila unapofungua simu, na simu nyingi za kuslaidi hufa kwa hapo, wala si kwa chipu. Ningetaka ufungwe kwa skrubu mbili na uuzwe peke yake, fundi wa kawaida aubadilishe huku unasubiri. Mpaka siku hiyo ifike, ukinunua used fanya hivi: washa simu, ongeza mwanga, fungua polepole mpaka katikati usimame hapo. Kioo kikimemeta au kikipiga mistari, fleksi inaaga. Fungua ukiwa kwenye simu na mtu, sikiliza kama sauti inakatika. Halafu fungua sehemu ya kuandikia na ubonyeze kila kitufe, kimoja kimoja, hasa Alt na spesi. Piga *#06#, tuma IMEI, namba ya utambulisho wa simu itakayotokea, kwenda 15090 uone kama ndiyo simu hiyo; mnakumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki watu walivyobaki na makava mikononi.

Wauzaji sasa. Kuna mtu anapost picha ya simu ya kuslaidi ikiwa imefungwa. Imefungwa! Nitajuaje kama ni kibodi au ni kioo kilichovimba? Unaandika "bei?" anajibu "njoo inboksi". Unakwenda inboksi anakuuliza uko wapi, unafanya kazi gani, kisha anataja bei inayolingana na kazi uliyoitaja. Siku nyingine nimetoka mpaka Kariakoo, mtaa wa Aggrey wote nimeuzunguka, duka moja likaniambia ipo, wakaniweka kwenye kiti, wakaagiza soda, kijana akakimbia kuifuata "stoo". Karudi na simu ya kibodi isiyoslaidi, ananiambia slaidi yake ni ya ndani.

Wengine watakwambia bei iko juu kwa sababu ni adimu. Adimu ni kweli, lakini adimu ya kitu ambacho kampuni ilishaacha kukiletea masasisho maana yake vipuri navyo ni adimu, na hilo linapaswa kushusha bei. Kwa Priv used mimi sivuki laki mbili. Kwa Pro1 safi, fleksi nzima, boksi liwepo au lisiwepo, nitajikaza mpaka laki sita, na hapo nimeshazungumza na mume. Na yule anayekataa usiifungue na kuifunga mbele yake eti "italegea", mwachie simu yake. Simu inayolegea kwa kufunguliwa mara tatu dukani ilishalegea kabla hujafika.