R154 kwenye Chaser yenye farasi 450, inabeba au haibebi? Uzoefu wangu

Wakuu, swali ambalo naulizwa kila nikifungua boneti ni moja tu, hiyo giaboksi inabeba nguvu ya farasi ngapi? Mi naendesha Toyota Chaser JZX100, injini 1JZ-GTE ya VVT-i, turbo moja kubwa badala ya ile iliyokuja nayo, giaboksi ni R154 ya gia tano ile ile ya Toyota. Kwenye mashine ya kupimia gari inatoa kama farasi 450 kwenye tairi na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, inafika kama Nm (nyutoni-mita) 530. Giaboksi bado nzima, gia zinaingia vizuri, na naikanyaga kweli kweli, sio gari ya kupeleka watu harusini.

Sasa jibu langu huwa linawaudhi watu maana wanataka namba moja, 500, 600, basi. Namba ya farasi peke yake haikwambii kitu kuhusu giaboksi. Kinachovunja meno ya gia ni torki, ile nguvu ya kuzungusha, na farasi ni torki ukizidisha na mizunguko ya injini. Chukua magari mawili yote yana farasi 500, la kwanza linazitoa kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika, hapo torki yake ni kama Nm 548, la pili linazitoa kwenye mizunguko 4,500 kwa sababu lina injini kubwa au turbo ya kuwahi, hilo linasukuma karibu Nm 790. Farasi ni zile zile ila giaboksi ya gari la pili inakula mzigo mzito kuliko ya kwanza kwa mbali sana. Ndo maana hata Tremec, kampuni ya kutengeneza giaboksi, wanapouza giaboksi yao ya T56 Magnum hawakwambii farasi, wanakwambia futi-pauni 700, yaani kama Nm 949. Anayetengeneza giaboksi anahesabu torki, sisi tunaonunua ndo tumeng'ang'ania farasi.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichomwomba fundi wa kutyuni ni kwamba torki isije kwa kishindo. Turbo ikijaa ghafla kwenye mizunguko 3,500 inakuwa kama umeipiga giaboksi nyundo, na kishindo kile kinaweza kuzidi kabisa ile torki unayoisoma kwenye karatasi. Tukalainisha pale chini, presha ya turbo inapanda taratibu halafu huku juu inaachiwa yote. Gari haijapungua farasi hata kidogo na kiukweli imekuwa tamu zaidi kuendesha, tairi haziruki ovyo.

Pili ni klachi, na hapa nasema kwa msisitizo kwa sababu watu wanapuuza sana. Ile klachi ya pedi za chuma isiyo na springi katikati inashika kama imechomelewa, na mshtuko wote unaenda moja kwa moja kwenye shafti na meno. Mi nimeweka ya pleti mbili zenye springi, inashika torki yote lakini zile springi zinameza kishindo kidogo kabla hakijafika kwenye gia. Na siachii klachi ghafla injini ikiwa inalia juu. Kuondoka hivo na tairi laini za mashindano ndo njia ya haraka kuliko zote ya kuua giaboksi yoyote ile, maana tairi ikiteleza inapunguza mzigo, tairi ikigoma kuteleza basi lazima kitu kingine kiachie, na mara nyingi kinachoachia ni gia au ekseli.

Watu wanadhani gia ya kwanza ndo inateseka zaidi kwa sababu inazidisha torki mara 3.25, lakini kwa gari ya tairi za kawaida pale kwenye kwanza tairi zinasota tu, mzigo haufiki mwisho. Gia ya kuionea huruma ni ya tatu. Kwenye tatu tairi zimeshashika, turbo imejaa, na unakaa hapo muda mrefu ukiwa umekanyaga mpaka chini, na torki inapita kwanza kwenye shafti ya chini ndo irudi juu, tofauti na ya nne ambayo inapita moja kwa moja bila kupitia yale meno ya chini. Halafu meno ya R154 yamekatwa kwa mshazari, hayo hayapigi kelele lakini yakibebeshwa mzigo yanasukumana, shafti mbili zinataka kuachana na pia kusogea mbele na nyuma. Shafti ikisogea kidogo tu meno hayakutani tena kwa upana wake wote, yanakutana kwenye kona, na hapo ndo yanameguka. Kumbe unaweza kuwa na gia ya chuma kizuri tu ila kilichoiua ni bodi na beringi zilizoshindwa kuishikilia.

Ndo maana wakati giaboksi iko chini kwa ajili ya klachi nilibadilisha vitu viwili ambavyo kila anayeijua R154 atakutajia: ile wosha ya gia ya kwanza, nikaweka ya chuma kigumu, na pleti inayoshikilia beringi, nikaweka nene zaidi. Gia zenyewe sikugusa. Kwa Nm 500 na kitu naona huo ndo ukarabati wenye maana kuliko kukimbilia seti ya gia za meno yaliyonyooka, zile zinabeba sana ila zinalia humo ndani mpaka huwezi kuongea na mtu.

Oili nafuata daraja la kwenye kitabu cha gari na naibadilisha mapema kuliko inavyotakiwa. Kila ninapoimwaga naangalia ile nati ya kumwagia oili yenye sumaku, ukikuta ujiuji laini wa kijivu ni kawaida, hiyo ni michubuko ya kila siku, ukikuta vipande vinavyoshikika kwa kidole simama hapo hapo usiendelee kuikanyaga.

Kwa matumizi yangu naipa alama za juu kabisa, na naipenda, ina ile hisia ya chuma kikigusa chuma ukipiga gia. Lakini kama mpango wako ni injini kubwa zaidi ya Toyota, 2JZ, yenye Nm 800 na tairi za mbio za mstari mnyoofu, R154 ya kawaida usiitafute, kusanya hela uchukue giaboksi ya Getrag V160 ya Toyota Supra ya turbo au hiyo T56 Magnum, ujue tu utabadilisha na propela na penyewe pa kuifungia.

Ukienda kununua R154 iliyotumika, ishike shafti ya kuingilia uitikise, mchezo mdogo sana upo ila isicheze hovyo. Ikiwa bado kwenye gari, weka niutro usikilize bila kukanyaga klachi, halafu kanyaga. Mlio ukipotea ulipokanyaga, shuku beringi ya mbele. Kisha ingia barabarani, weka ya tatu, kanyaga mafuta halafu achia ghafla mguu: gia ikichomoka yenyewe, muage muuzaji kwa heshima uondoke.