Uzoefu wangu: miezi 21 ya kulipia habari na uchambuzi wa kihafidhina wa siasa za Texas

Huduma hii nimeanza kuilipia Aprili 2024, dola 8 kwa mwezi. Kinachokuja ni barua pepe moja kila siku ya kazi kabla ya saa 12 asubuhi, kipindi cha sauti cha kama nusu saa jioni, na kila Jumamosi barua ndefu ya habari za kaunti na miji midogo. Waandishi wake ni wahafidhina na hawafichi, wameandika hivyo juu kabisa ya kila barua. Jina silitaji, maana nina malalamiko mazito kidogo huko mbele na sitaki kumharibia mtu kazi yake. Zipo huduma kadhaa za namna hii hapa Texas na bei zake zinakaribiana, kwa hiyo nitakayoyasema yanaweza kumfaa hata anayefikiria nyingine.

Mimi ni dereva wa lori, mzaliwa wa Tanga. Uraia wa Marekani niliapa 2019. Tunaishi mimi, mke wangu na watoto wetu wawili katika kaunti moja ya kaskazini mwa Texas, si mbali na Fort Worth. Kwa imani na kwa malezi ni mhafidhina: familia kwanza, na serikali ichukue kidogo, itoe hesabu ya kila senti iliyochukua. Ila kwa miaka mingi siasa nilizozifahamu zilikuwa za Washington tu. Kule Tanga nilimjua mjumbe wa nyumba kumi, nilimjua mwenyekiti wa mtaa, diwani nilimjua mpaka kwao. Huku nina nyumba, nalipa kodi, na sikuwa namjua hata mmoja wa wale wanaopanga hiyo kodi. Jambo hilo lilikuwa linanisumbua.

Kilichonifanya nitoe kadi nilipe ni bahasha. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo mzigo wa shule, polisi na barabara unaegemea sana kwenye nyumba za watu. Ndugu zetu nyumbani Tanzania wanakatwa kodi ya majengo kwenye luku ya umeme, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, basi. Huku kila mwaka, kwenye Aprili, ofisi ya tathmini inakuandikia kwamba nyumba yako sasa ina thamani kadhaa, na kutokana na thamani hiyo wilaya ya shule (chombo kinachoendesha shule za umma za eneo), kaunti, mji, chuo cha jumuiya na hospitali ya kaunti kila mmoja anapiga hesabu yake. Bili inakuja Oktoba, na mwisho wa kulipa bila adhabu ni tarehe 31 Januari. Bahasha ya 2024 ilipofika, nyumba yetu ilikuwa imepanda kwa asilimia 8.

Mke wangu aliisoma akiwa amesimama jikoni, kaiweka mezani, akasema, "Baba Neema, hii nyumba imepandaje thamani na ukuta wa koridoni unapasuka?"

Alikuwa anasema kweli. Udongo wa huku ni mfinyanzi unaovimba mvua ikinyesha na kusinyaa kiangazi, na misingi ya nyumba nyingi inaumia. Kwetu ufa ulianzia juu ya mlango wa chumba cha watoto ukashuka kwa mshazari hadi karibu na swichi ya taa.

Wiki hiyohiyo barua ya Jumamosi ilikuwa na maelezo ya kurasa tatu kuhusu kupinga tathmini. Hayakuwa maneno ya jukwaani kwamba kodi ni kubwa, hayo kila mtu anayajua. Waliandika kwamba mwisho wa kupeleka pingamizi ni tarehe 15 Mei, au siku 30 tangu notisi itumwe ikiwa tarehe hiyo itaangukia mbele zaidi. Kwamba una haki ya kuomba ushahidi ambao ofisi itautumia dhidi yako, na lazima uupate angalau siku 14 kabla ya kusikilizwa. Kwamba kabla ya kufika mbele ya bodi inayosikiliza mapingamizi unaweza kukaa na mthamini mkazungumza, na kesi nyingi zinaishia hapo. Kwamba ukienda usilie shida ya maisha, kwa kuwa mthamini hana mamlaka juu ya mshahara wako. Nenda na picha, nenda na makadirio ya fundi, nenda na bei za nyumba zinazofanana na yako kweli.

Nikafanya vilevile. Nilipiga picha ule ufa nikiwa nimeweka rula pembeni yake ili upana uonekane. Nikamwita fundi wa misingi, akaniandikia makadirio ya matengenezo. Ushahidi wa ofisi ulipofika nikaona nyumba tatu walizolinganisha na yetu, mbili zilikuwa zimekarabatiwa jiko na paa kabla ya kuuzwa. Tulikaa na mthamini dakika zisizozidi 20, mama wa makamo, mpole, akaziangalia picha moja moja, akauliza mlango wa chumba kile kama bado unafunga. Nikamwambia haufungi. Akapunguza dola 21,000 kwenye thamani. Kwa viwango vya kwetu hiyo ni zaidi ya dola 400 kwa mwaka, na ada yote ya huduma kwa mwaka ni dola 96.

Kwa hiyo nasema bila kusita kwamba barua ya Jumamosi peke yake inatosha bei yote. Humo ndimo nilipojifunza kwamba yule anayeitwa jaji wa kaunti kazi yake kubwa ni kuongoza baraza la makamishna linalopitisha bajeti ya kaunti. Nilijifunza pia kwamba Tume ya Reli ya Texas haishughuliki tena na reli, inasimamia mafuta na gesi. Niliona ratiba za vikao vya bodi ya shule, na nikaelewa kwamba uchaguzi wa bodi nyingi hufanyika Jumamosi mwanzoni mwa Mei, wakati wengi wetu tuko barabarani au kwenye mahafali. Oktoba 2025 jimbo lilipotangaza kwamba linachukua uendeshaji wa wilaya ya shule ya Fort Worth, magroup yetu ya WhatsApp yalijaa uvumi. Barua ikaeleza sheria yenyewe: shule moja tu ikifeli miaka mitano mfululizo, kamishna wa elimu anatakiwa aifunge shule hiyo au aiondoe bodi nzima na kuteua wasimamizi. Ndivyo ilivyotokea Houston 2023. Niliituma kwenye group na ubishi ukapungua.

Habari za Bunge la jimbo, lililoko mji mkuu Austin, nazo ni nzuri, hasa ukiwa hujui pa kuanzia. Bunge hili linakutana siku 140 tu kila baada ya miaka miwili, wawakilishi 150 na maseneta 31, na mshahara wao ni dola 600 kwa mwezi kwa mujibu wa katiba ya jimbo. Mimi napenda mpango huo. Mtu akirudi nyumbani kwake akaishi chini ya sheria alizozitunga, anatunga kwa uangalifu. Ubaya wake ni kwamba kila kitu kinasukumwa mwishoni, na hapo ndipo unapomhitaji mtu aliyekaa mle ndani akuambie mswada uko kamati gani.

Suala walilolieleza vizuri kuliko yote ni fedha za umma kwa wazazi wanaopeleka watoto shule binafsi. Msimamo wao ni kuunga mkono, na mimi pia. Lakini hawakuficha kwamba Novemba 2023 Warepublican 21 waliungana na Wademocrat kuuondoa mpango huo, 84 kwa 63, na walieleza sababu: kwenye wilaya za mashambani shule ya umma ndiyo mwajiri mkubwa na shule binafsi hakuna hata ya kuonyesha. Wakafuatilia jinsi Gavana Greg Abbott alivyozunguka 2024 akiwapinga wengi wao kwenye kura za maoni za chama chake mwenyewe, hadi mswada ukapita na akausaini tarehe 3 Mei 2025, ukiwa na dola bilioni 1. Baada ya hapo wakaandika jambo lililonihusu mimi na Mama Neema: mpango unaanza mwaka wa masomo 2026–27, mtoto wa shule binafsi anaweza kupata dola elfu 10 na zaidi kidogo, anayesomeshwa nyumbani dola 2,000, na fedha zisipotosha, watoto wenye ulemavu kutoka familia za kipato cha chini na cha kati wanatangulia. Mdogo wetu ana tatizo la kusikia. Tulikaa kitandani usiku ule tukipiga hesabu za ada kwenye simu.

Kinyang'anyiro cha uspika wa Bunge hilo Januari 2025, kati ya Dustin Burrows na David Cook, walikiandika wiki tatu mfululizo, nani kamsaliti nani. Niliziruka nyingi.

Sasa malalamiko. La kwanza lilinigharimu heshima. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha mswada wa kupiga marufuku bidhaa zenye THC (kile kinacholevya kwenye bangi) zinazotokana na hemp, mmea wa jamii ya bangi, zile peremende na vinywaji vinavyouzwa madukani hata karibu na shule. Naibu Gavana Dan Patrick aliupigania sana, na mimi kama baba niliufurahia kwa moyo wote. Mapema Juni barua ya asubuhi iliandika kama jambo lililokwisha: marufuku itaanza Septemba. Jumapili kanisani nikawaambia wazazi baada ya ibada, tena kwa kujiamini. Usiku wa tarehe 22 Juni, siku ya mwisho ya gavana kufanya uamuzi, Abbott akaupiga veto na kuitisha kikao maalumu kuhusu udhibiti. Barua ya Jumatatu haikusema kitu. Ya Jumanne ilikuwa na mistari miwili chini kabisa, na haikugusa yale waliyoandika wao wenyewe. Nilielewa baadaye kwamba waliona haya, maana walikuwa wanawaunga mkono wote wawili na wawili hao wamegongana. Mimi Jumapili iliyofuata ilibidi nisimame nirekebishe maneno yangu. Mwandishi anayelipwa na wasomaji alitakiwa kufanya hivyo kwanza.

La pili ni ramani ya Tarrant, kaunti ya jirani. Tarehe 3 Juni 2025 baraza la makamishna lilichora upya mipaka ya maeneo yake kwa kura 3 kwa 2, katikati ya muongo, bila sensa mpya. Barua ilitoa hoja za wale watatu kwa kirefu. Hoja za wale wawili haikutoa hata sentensi moja. Hata kama mwishoni ningekubaliana na watatu, nililipa nisikie kikao kizima. Mtu unayepingana naye ukimwacha aseme, hoja yako haipungui chochote, na sisi wahafidhina tunaosema kila siku kwamba vyombo vikubwa vinatunyima nafasi tulitakiwa kuwa wa mwisho kufanya hivi.

La tatu linauma zaidi. Kwenye kipindi cha jioni mtangazaji mmoja alizungumzia "hawa wanaoletwa" kwenye miji yetu, na kwa jinsi alivyosema alimchanganya aliyevuka mpaka kwa siri na mkimbizi aliyepitia mlango halali. Nilikuwa kwenye barabara kuu ya I-35, nimetoka Laredo na mzigo, nikazima. Mimi naunga mkono sheria ya mpaka. Nilisubiri foleni yangu miaka yote, na najua maana yake. Lakini kanisani kwetu kuna mama wa Kikongo aliyekaa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka 18. Alihojiwa, akapimwa, akahojiwa tena, na leo anaosha wagonjwa usiku na asubuhi anapeleka wajukuu shule. Kiswahili chake cha Kigoma ndicho watoto wangu wanachojifunzia, maana mimi siko nyumbani.

Niliandika barua kwa mhariri usiku ule nikiwa nimeegesha. Sikutukana. Nilieleza njia anayopitia mkimbizi kuanzia kambini hadi uwanja wa ndege, na nikasema kwamba mtu anayeheshimu sheria anapaswa kumheshimu aliyeifuata. Alinijibu ndani ya siku mbili, yeye mwenyewe, akakubali kwamba kosa lilikuwepo, na aya mbili za barua yangu zikasomwa hewani Ijumaa. Mtangazaji hakuomba radhi. Hata hivyo sijamsikia akirudia.

Kuhusu mambo madogo: programu ya simu inakwama mtandao ukiwa dhaifu, na huko magharibi mwa Texas mtandao ni dhaifu kila mahali, kwa hiyo pakua kipindi kabla ya kuondoka. Kadi inakatwa yenyewe kila mwezi, na kusitisha inabidi uandike barua pepe, hakuna kitufe.

Utaratibu wangu sasa uko hivi. Barua ya Jumamosi naisoma yote. Za kila siku nasoma vichwa, na nikiona neno "umepita" nafungua tovuti ya Bunge la Texas, ambayo ni bure, naandika namba ya mswada naangalia umefika wapi na nani kapiga kura gani. Kipindi cha jioni nasikiliza mara mbili tatu kwa wiki. Kwa Mtanzania au Mkenya mwenye nyumba huku, awe mhafidhina au asiwe, barua ya Jumamosi naipendekeza kabisa. Kipindi cha sauti sikipendekezi kwa anayetaka habari.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja wameipoteza mwezi Juni.

Kura za maoni za vyama zilipangwa tarehe 3 Machi 2026, na siku hiyo ningekuwa barabarani, kwa hiyo niliamua kupiga mapema kule maktaba. Mama Neema alichapisha orodha ya wagombea wa kaunti kutoka barua ya Jumamosi na kuibandika kwenye friji, na pembeni ya majina mawili aliandika kwa kalamu nyekundu: "Huyu alisema nini kuhusu kodi? Uliza."