Land Rover 109 kwa injini ya Land Cruiser: uzoefu wangu wa kufunga 1HZ

Nianze na jibu kwa wenye haraka: kazi ya kufunga 1HZ, ile dizeli ya Land Cruiser, imenifaa, gari linatembea, mzigo linabeba, na bado simshauri kila mwenye Land Rover ya zamani aifanye. Sababu ziko hapa chini, pamoja na sifa na lawama za gereji iliyoifanya. Jina la gereji silitaji, msiniulize.

Gari ni Land Rover Series III, ile ndefu ya 109 (inchi kati ya ekseli), ya petroli. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na injini yake ya lita 2.25 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi sabini na kitu. Hizo ni farasi za usawa wa bahari. Arusha tuko kama mita 1,400 juu, na injini isiyo na turbo hukosa pumzi kadiri unavyopanda. Kile kilima cha kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu nilikuwa nakipanda kwa gia ya pili, nimebana kushoto, wenye haraka wapite.

Lakini kilichonichosha ni barabara iliyonyooka. Land Rover hizi zina difu ya 4.7, yaani propela inazunguka mara 4.7 ili tairi lizunguke mara moja, halafu transifa nayo, lile boksi linalogawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma, hata ukiwa kwenye gia za juu, inaongeza 1.15 yake. Piga hesabu na tairi za 7.50-16: ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, injini inazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Toka Makuyuni mpaka mjini kwa mwendo huo, ukishuka unaongea na watu kwa kupayuka. Wengi hudhani Series haiendi kwa sababu injini ni dhaifu. Hilo ni kweli kwa nusu tu, nusu ya pili iko kwenye gia. Ukifunga injini kubwa ukaacha difu na transifa vilevile, umenunua kelele.

Kwa hiyo nilipima njia tatu.

Ya kwanza ni 200Tdi, dizeli ya Land Rover wenyewe, lita 2.5 na turbo, iliyotoka 1989 pamoja na Discovery ya kwanza. Inakubali gia boksi ya Series bila vituko vingi na inaingia kwenye nafasi ileile. Kama gari lako ni la kwenda shambani Jumamosi na harusini mara mojamoja, huna haja ya kusoma zaidi: funga 200Tdi, tafuta difu za 3.54 za Land Rover 110, ondoka. Mimi ninabeba mabomba na matangi kwenda Loliondo, na ile gia boksi ya Series haipendi mzigo na mguu mzito kwa pamoja.

Ya pili ilikuwa 1KZ-TE, ile dizeli ya Toyota ya lita 3.0 ya Prado na Surf. Ni nyepesi, ina turbo, inavuta vizuri. Ila ina kompyuta, na ikichemka mara moja tu silinda hedi inaweza kupasuka. Kwenye gari ambalo rejeta yake inatungwa upya na fundi, sikutaka kamari hiyo.

Nikabaki na 1HZ: silinda sita, 4,164 cc, haina turbo wala kompyuta, karibu farasi 130 na nguvu ya kuzungusha ya Nm 285. Kuna atakayesema injini iliyoanza 1990 si ya kisasa. Sawa, lakini kwa gari hili huo ni ujana, na Arusha nusu ya Land Cruiser za watalii unazopishana nazo zinatembelea injini hiyohiyo. Nozeli, gasketi, pampu ya maji, vyote unavikuta hata Karatu.

Fundi mkuu aliniambia siku ya kwanza, "Bosi, hii ikiwaka tu, imekwisha." Iliwaka mapema sana. Kazi ndiyo ikaanza.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: usinunue injini, nunua seti. Injini pamoja na klachi, gia boksi ya gia tano, transifa, stata, oltaneta, pampu ya stelingi, na ikiwezekana ekseli zote mbili na propela zake, vyote kutoka gari moja. Muuzaji wa spea za mtumba atataka kukukatia vipandevipande, kwa sababu vipande vinalipa. Mfano mdogo ni oltaneta. Dizeli haina mvuto wa hewa wa kuendesha busta ya breki, ile inayousaidia mguu wako, kama petroli, kwa hiyo Toyota waliweka pampu ya kufyonza hewa mgongoni mwa oltaneta. Ukiletewa injini bila oltaneta yake, utafunga nyingine yoyote, taa zitawaka, betri itajaa, na siku ya kwanza ukikanyaga breki utakanyaga jiwe. Angalia pia volti. Baadhi ya injini kutoka Japani zina stata ya volti 24, na Land Rover yako ni ya 12.

Injini na gia boksi zilinila kama theluthi moja tu ya pesa zote. Bei zenyewe siziandiki kwa kuwa zinapanda na dola, lakini uwiano huo ushike: theluthi moja chuma kinachonguruma, theluthi mbili kila kinachofuata baada yake.

Na kinachofuata ni kirefu, kwa maana ya urefu hasa. Silinda sita zimepangwa mstari mmoja, hazienei nyuma ya ile grili iliyozama katikati ya madigadi. Ukisukuma injini nyuma, inaingia kwenye miguu yako. Suluhisho walishalitoa Land Rover wenyewe mwaka 1979 walipoweka V8 kwenye 109: waliisogeza grili mbele mpaka ikalingana na uso wa madigadi. Gereji yangu ilifanya hivyohivyo, na hapa nawasifu. Madigadi ya Land Rover ni alumini, moto wa kawaida wa kuchomelea unayatoboa, kwa hiyo walipiga riveti, na kila mahali chuma kilipogusana na alumini waliweka mpira katikati ili visilane. Nimewahi kuona gereji zisizojali hilo, na baada ya masika mbili unga mweupe unaanza kutoka kwenye maungio. Mwenye ile fupi ya 88 asahau 1HZ. Injini na gia boksi zikishakaa, propela ya nyuma inabaki fupi na imesimama wima mno.

Ekseli ndizo zilizonipa presha. Tulitoa za Land Rover tukaweka za Land Cruiser 75, kwa sababu nne: zina nguvu, difu yake ni 4.11, mbele kuna breki za diski badala ya dramu, na difu ya mbele iko kulia kama ya Land Rover. Hasara zake unaziona kwa macho. Rimu za Series za nati tano hazifai tena, za Toyota zina nati sita. Tairi zinatokeza kama sentimita tano zaidi kila upande, kwa hiyo lazima uongeze mpira wa madigadi, la sivyo matope yote yanapanda kwenye vioo.

Hasara isiyoonekana ni kasta. Ekseli ya mbele haiwekwi wima, inalazwa nyuzi chache, kama uma wa baiskeli ulivyolala, na mlalo huo ndio unaorudisha usukani katikati ukiuachia. Vikalio vya springi vya Toyota haviendani na springi za Land Rover, lazima vikatwe na kuchomelewa upya. Gereji ilivichomelea kwa kukadiria kwa jicho. Mjini gari lilikuwa zuri. Nilipofika barabara ya Namanga, kwenye kilomita 70 likaanza kutangatanga, unalirudisha kushoto linakimbilia kulia. Nikarudi. Wakabadilisha rodi endi. Nikarudi tena. Wakalaumu tairi. Ilibidi niende kwa mzee mmoja wa gereji nyingine, akaweka kipimo cha pembe juu ya ekseli, akanionyesha: ilikuwa imelala upande usiotakiwa. Vikalio vikakatwa na kuchomelewa mara ya pili, kwa gharama yangu, kwa sababu gereji ya kwanza ilishikilia kwamba "kila Land Rover iko hivyo". Si kweli. Mwambie fundi wako apime kasta na pembe ya difu gari likiwa limesimama kwa uzito wake wote, kabla hajachomelea moja kwa moja. Kwanza ashikize kwa nukta tu.

Sasa likoje barabarani? Kwenye kilomita 80 injini iko karibu mizunguko 2,000, inanung'unika tu. Mto wa Mbu napanda na gia ya tatu nikiwa na mzigo. Petroli ilikuwa inanipa kilomita sita kwa lita, sasa dizeli inanipa nane hadi tisa, ikitegemea upepo na uzito wa mguu. Pawa stelingi imebadilisha maisha, mke wangu sasa analiegesha mwenyewe. Breki za mbele zinashika kweli.

Lakini ukingo wa Ngorongoro, huko juu ya mita 2,200, 1HZ nayo inakumbuka kwamba haina turbo. Ukitegemea mbio utasikitika. Hii ni injini ya kuvuta taratibu siku nzima. Joto linakuja miguuni, hasa upande wa dereva, na mkeka wa kuzuia joto umesaidia kidogo tu. Kiti cha kati cha mbele kimekufa, maana gia za Toyota zimetokea palepale, kwa hiyo mbele tunakaa wawili badala ya watatu. Uzito wa mbele ulilaza springi, tukaongeza bamba moja kila upande, na likiwa tupu linarusha. Spidomita ya zamani inadanganya, natumia simu. Tena, kwenye Land Cruiser kuna taa ya dashibodi inayokukumbusha kubadilisha taimingi belti ikifika kilomita 100,000. Kwenye dashibodi ya Land Rover taa hiyo haipo, na belti ya mtumba hujui imetembea kiasi gani. Weka mpya injini ikiwa bado chini, ukiwa na nafasi ya mikono.

Karatasi zisikupite. Kadi ya gari ina namba ya injini, ujazo na aina ya mafuta, na hapa vyote vitatu vimebadilika: 2,286 imekuwa 4,164, petroli imekuwa dizeli. Kabla ya kulipa, dai risiti na karatasi za kuingiza injini nchini. Injini isiyo na karatasi ni rahisi, na urahisi wake una sababu. Chesisi yako iache na namba yake. Nilishauriwa nivalishe bodi ya Land Rover juu ya chesisi ya Land Cruiser 75, nikakataa: mbali na namba, ile ina urefu wa milimita 2,980 kati ya ekseli na yangu ina 2,769, maana yake unakata chesisi katikati na kuiunga. Mimi simpakii mtu kwenye gari la namna hiyo.

Gereji naipa tisa kwa kumi kwenye bodi na mauntingi za injini, ambazo hazijalegea hata kwa makorongo ya kwenda Natron. Kwenye ekseli naipa tatu. Umeme sijui niupe ngapi: waya zote zilikuwa za rangi moja, zimeunganishwa kwa kuviringishwa na utepe mweusi, na waya wa kuzimia injini ulipita juu ya ekzosi. Fundi umeme wa Unga Limited aliung'oa wote, akaweka boksi la fyuzi, relei na waya za rangi tofauti, akanichorea na ramani yake kwenye karatasi ninayoiweka chini ya kiti. Bei yake ilikuwa chini ya tairi moja.